Nywele za Rangi ya Shaba

Shule zikifunguliwa hapa Garsen utawaona wasichana waliobilichi nywele likizoni. Walitaka dhahabu, wakapata rangi ya embe bivu! Dawa huondoa weusi kwanza, wekundu na umanjano wa ndani ukabaki. Wengine hupaka hina juu yake. Jamani, hina yenyewe si nyekundu? Wengine hurudia bilichi siku hiyo hiyo, nywele zikakatika kama nyasi za kiangazi.

Dawa yake tunaisoma kwenye somo la Sanaa: zambarau huzima manjano, buluu huzima rangi ya machungwa. Nywele zetu nyeusi mara nyingi hukwama kwenye machungwa, kwa hivyo shampuu ya zambarau wanayosifiana haitasaidia kitu; tafuta ya buluu, dakika chache, suuza. Ikishindikana, paka rangi ya kahawia iliyokoza, ila uijaribu nyuma ya sikio siku mbili mapema, maana rangi hizi, hata piko, huweza kumuunguza mtu.

Nao walimu wetu, kwa heshima zote, mbona msichana arudishwe langoni akanyolewe, akose masomo? Mpeni wiki moja tu, akae darasani huku akijirekebisha.