Dagaa wetu wasihukumiwe bila kipimo

Jirani yangu mmoja hapa Buyenzi, mama anayeleta dagaa kutoka Kigoma kupitia Manyovu na Mugina, alinijia jioni moja akiwa amenuna. Alikuwa na magunia matatu. Mteja wake wa miaka mingi, mfanyabiashara wa kutoka Ngozi, alimwonyesha video kwenye simu: samaki amepasuliwa tumbo, ndani mna vipande vya plastiki. Aliyeirusha aliandika kwamba ni samaki wa Ziwa Tanganyika. Mteja akashusha bei, wakabishana, na mwishowe mama akauza kwa hasara ili asirudi na mzigo nyumbani.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ulitufundishia watoto sayansi kule kambini Mtabila. Hebu niambie leo. Hawa dagaa wangu wana plastiki au hawana?"

Ndugu msomaji, nilikosa jibu. Ningeweza kumwambia hawana, nikawa mwongo. Ningeweza kumwambia wanayo, nikawa mwongo vilevile. Ukweli ni kwamba hakuna jicho la mwalimu wala la mteja wa Ngozi linaloweza kujibu swali hilo. Linajibiwa na maabara, na si kila maabara, bali ile inayofuata njia inayokubalika. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, sisi tunaoishi kwa ziwa hili na kwa mpaka huu.

Tuanze na ziwa lenyewe. Tanganyika ni la nchi nne: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Kina chake kinafika mita 1,470 hivi, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga kule Kalemie. Maji yake hukaa humo kwa karne na karne. Kwa hiyo kinachoingia hakitoki upesi. Na vinavyoingia tunaviona. Mvua kubwa ikinyesha milimani, Ntahangwa hushuka katikati ya jiji ikibeba chupa, viatu vya raba na mifuko, yote ikaishia ziwani. Rusizi nayo inatoka Ziwa Kivu, na mwaka 2021 vyombo vya habari vilieleza jinsi taka za plastiki zilivyokuwa zikiziba mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi karibu na Bukavu. Maji ya ziwa hilohilo ndiyo REGIDESO inayoyasafisha na kuyasambaza kwenye mabomba yetu hapa Bujumbura.

Chupa unaiona na unaweza kuiokota. Tatizo ni pale jua na mawimbi yanapoivunjavunja. Wataalamu wanaziita plastiki ndogondogo pale vipande vinapokuwa chini ya milimita 5, yaani vidogo kuliko punje ya mchele, hadi vile visivyoonekana kabisa kwa macho. Jina hilo lilianza kuvuma mwaka 2004, baada ya Profesa Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, kuandika juu ya vipande hivyo baharini. Tangu hapo swali limekuwa moja: tutavihesabu vipi?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Machi 2013 watafiti walinunua sangara 20 na sato 20 pale Mwanza, Ziwa Victoria, wakapima matumbo yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na yalikuwa ushahidi wa kwanza wa aina hiyo katika Maziwa Makuu ya Afrika. Angalia vizuri hesabu zao, kwani ndani yake kuna somo letu. Kwa macho, sangara 11 kati ya 20 walishukiwa kuwa na plastiki, yaani asilimia 55, na sato 7, yaani asilimia 35. Lakini vipande vile vilipopitishwa kwenye mashine ya mwanga wa infraredi, plastiki ilithibitishwa katika asilimia 20 tu ya kila aina ya samaki. Vipande vingine havikuthibitika kuwa plastiki.

Sasa niambie, kama mtaalamu aliyesomea anaweza kushuku samaki 11 kisha ushahidi ukasimama kwa 4, ile video ya simu ina uzito gani? Hata hivyo hao 4 walikuwepo. Anayesema hakuna kitu naye amekosea.

Kazi yenyewe inafanyikaje? Nitaieleza kwa lugha ya jikoni, maana haiko mbali na jiko.

Kwanza ni kuchota. Juu ya maji huburutwa wavu maalumu, na mara nyingi matundu yake ni ya mikroni 300 hivi, yaani theluthi moja ya milimita. Hapo hapo pana mtego. Kilicho kidogo kuliko tundu kimepita na hakitahesabiwa. Anayetumia wavu mpana atapata vipande vichache na kutangaza ziwa safi. Anayechota maji kwa ndoo na kuyachuja kwa chujio laini atapata vingi na kutangaza balaa. Wote wawili wamechota ziwa moja.

Pili ni kuondoa uchafu wa asili: majani, mwani, nyama na mafuta. Kwa maji na mchanga hutumika haidrojeni peroksidi. Kwa samaki wengi hutumia potasi kali, huku mchanganyiko ukipashwa moto kidogo, hadi nyama iyeyuke. Lakini dawa ina kiasi chake. Asidi kali ya nitriki, kwa mfano, huyeyusha hata nailoni, na nyavu nyingi za wavuvi wetu ni za nailoni. Ukiitumia hiyo, umeyeyusha ushahidi uliokuwa ukiutafuta, kisha unaandika kwamba hukuona kitu.

Tatu ni kuelesha. Kila mama anajua yai linazama kwenye maji matupu lakini linaelea kwenye maji ya chumvi nyingi. Plastiki ni hivyo hivyo. Mfuko na kidumu huelea hata kwenye maji ya kawaida. Nailoni ya nyavu huzama kwenye maji ya ziwa, lakini katika maji yaliyoshiba chumvi huelea na kuachana na mchanga. Chupa ya maji ya dukani ni nzito zaidi, kipande chake huzama hata katika chumvi hiyo. Kukipata kunahitaji kemikali nzito zaidi, kama zinki kloridi, ambayo ni ghali na inachoma. Kwa hiyo maabara iliyotumia chumvi ya jikoni peke yake haina ruhusa ya kusema "hakuna vipande vya chupa". Haikuvitafuta.

Nne ni kutambua. Kuna rangi iitwayo Nile Red ambayo hufanya plastiki ing'ae chini ya mwanga wa buluu. Ni nafuu, ila hata mafuta yaliyobaki huweza kung'aa. Mwenye uhakika ni yule mwenye mashine ya infraredi au ya Raman, ambazo husoma alama ya kila plastiki kama afisa wa mpakani anavyosoma alama za vidole. Ya infraredi husoma vipande vya kuanzia mikroni 10 au 20 hivi, ya Raman hufika hadi mikroni 1. Ipo pia njia ya kuchoma sampuli na kuchunguza moshi wake. Hiyo hukupa uzito wa plastiki, lakini idadi ya vipande huijui tena.

Na la mwisho, ambalo wengi hulisahau: sisi wenyewe tumevaa plastiki. Nguo za poliesta hudondosha nyuzi hewani. Kwa sababu hiyo mpimaji mwaminifu huvaa koti la pamba, huchuja hata maji ya kuoshea vyombo, na huweka sahani tupu wazi kando ya sampuli. Ikiwa sahani tupu imekusanya nyuzi 3 na sampuli ina nyuzi 4, huyo hajapata cha kutangaza.

Wafanyabiashara mnanielewa hapa kuliko maprofesa. Mmoja akiuza kwa debe, mwingine kwa kilo, wa tatu kwa gunia la lumbesa, nani atajua bei halali? Ndivyo ilivyo kwa plastiki ziwani. Mmoja anahesabu vipande kwa mita ya ujazo ya maji, mwingine kwa kilo ya mchanga, mwingine kwa samaki. Bila kipimo kimoja, hesabu zao haziwezi kuwekwa mezani pamoja.

Sasa kwa nini hili ni letu, sisi wa mipakani? Kwanza, sangara hutolewa matumbo kabla ya kupikwa, na ni tumboni ndimo wale wa Mwanza walimopimwa. Dagaa, au ndagala kama tunavyomwita huku, huliwa mzima, na kichwa na tumbo lake. Swali la jirani yangu basi ni zito kwa dagaa kuliko kwa sangara.

Pili, tukumbuke mwaka 1999. Jumuiya ya Ulaya ilifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hofu kwamba kuna waliokuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vilisimama na watu wakapoteza kazi. Soko halikufunguka kwa hotuba wala kwa kuapa. Lilifunguka kwa ukaguzi na majibu ya maabara. Mwenye karatasi alisikilizwa, asiye nayo alisubiri. Tusipojipima wenyewe, siku moja tutapimwa na wengine, kwa wavu wao na kwa haraka yao.

Tatu, tumekwishakubali sheria bila kujua matunda yake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kwetu amri ilitiwa saini na Rais Pierre Nkurunziza Agosti 2018, ukatolewa muda wa miezi 18 wa kujiandaa. Tanzania ikafuata Juni 1, 2019. Mama wa mpakani ndiye aliyevuliwa mfuko na kutafuta kikapu. Ana haki ya kuuliza: je, ziwa limepata nafuu? Haiwezekani kumjibu kama hakuna anayechota mahali palepale, kwa wavu uleule, mwaka hadi mwaka.

Najua kuna atakayeniambia, "Mwalimu, mafuta ya gari ni shida, mafuriko yamebomoa nyumba za Gatumba, na wewe unatuletea darubini!" Ni hoja ya haki. Najua pia kwamba Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kuwa, kwa ushahidi mdogo uliokuwepo, plastiki ndogondogo katika maji ya kunywa hazikuonekana kuwa hatari kwa afya kwa viwango vya wakati ule. Lakini shirika hilohilo lilitaka utafiti zaidi na njia za kupima zinazolingana. Siandiki kuwatisha watu waache dagaa. Dagaa ndiye nyama ya maskini. Naandika kwa sababu mwenye hasara tayari yupo, na hasara yake ilitokana na uvumi.

Na gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Chujio, chumvi, darubini na koti la pamba si vitu vya kushinda Chuo Kikuu cha Burundi. Uvira kuna kituo cha utafiti wa ziwa, Kigoma kuna TAFIRI. Vipande vichache vyenye shaka ndivyo vipelekwe kwenye mashine ya infraredi, popote ilipo katika Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapahapa Bujumbura, na msingi wake ni mkataba uliosainiwa na nchi zote nne Dar es Salaam mwaka 2003. Iandike mwongozo mmoja: wavu mmoja, dawa moja, chumvi moja, sahani tupu kila mara. Ichague vituo vichache, kwa mfano mdomo wa Ntahangwa, mdomo wa Rusizi na karibu na bomba linalovuta maji ya jiji, vipimwe masika na kiangazi. Majibu yasomwe redioni kwa Kiswahili na Kirundi, yasifungiwe kabatini kwa Kifaransa.

Nina ombi moja zaidi, na hili linatuhusu sisi wenyewe. Dagaa apimwe mara mbili: akitoka mtumbwini, na akishakauka tayari kwa gunia. Tunamwanika juu ya nyavu kuukuu na viroba vilivyochakaa, vinavyotoa nyuzi ukivigusa tu. Huenda plastiki nyingine inaingia mikononi mwetu na wala si ziwani. Ikiwa hivyo, dawa yake tunayo wenyewe, wala hatuhitaji mkutano wa nchi nne kubadilisha kianikio.

Yule mama amerudi Kigoma, biashara haingoji. Kabla ya kuondoka nilimwambia ukweli: sijui, lakini linaweza kujulikana. Alinitazama kidogo, akafunga mzigo wake, akasema, "Basi waambie wapime, mwalimu. Mimi napima dagaa wangu kila siku mbele ya mteja. Wao wanaogopa nini?"

Nimewaambia.