Mgeni Naye Ahitaji Msemaji



Waislamu wa mwanzo walipokimbilia Uhabeshi kuepuka mateso ya Makka, Makureshi waliwafuatia kwa wajumbe na zawadi ili warudishwe. Najashi hakukubali kuwatoa kabla ya kuwasikiliza, na aliyesimama kuwasemea wenzake ni Jaafar bin Abi Talib, radhi za Allah ziwe juu yake. Wote walikuwa na haki. Mmoja wao alijua kuieleza mbele ya mwenye mamlaka.

Twakikumbuka kisa hiki kwa sababu ya swali ambalo mama zetu hutuuliza mara kwa mara: "Mume wangu si Mkenya. Je, watoto wangu ni wa wapi?"

Katiba ya 2010 imelijibu. Kifungu cha 14 chasema mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje, na hata waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo wamo. Zamani, mama Mkenya aliyeolewa na mgeni akajifungulia ng'ambo hakuweza kumrithisha mwanawe uraia. Leo aweza. Naye mume, ndoa ikitimiza miaka saba, ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia chini ya Kifungu cha 15.

Hata hivyo, haki hiyo hudaiwa kwa karatasi: cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa. Nyingi katika nikaha zetu zilifungwa nyumbani mbele ya mashahidi, zisiandikishwe. Hapo ndipo aingiapo dalali. Mama mmoja alitusimulia alivyouza dhahabu yake ya mahari kumlipa mtu aliyemwahidi vyeti kwa wiki mbili. Vyeti vikaja, navyo ni vya bandia. Sasa mumewe aogopa kukanyaga ofisi yoyote, na binti yao amemaliza skuli bila kitambulisho.

Laiti angalijua kwamba msaada usio wa dalali upo! Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 haikuwataja raia maskini peke yao. Yawataja pia wakimbizi, wasio na uraia wa nchi yoyote, na waliouzwa katika biashara haramu ya binadamu. Hapa Mombasa, Kituo cha Sheria, FIDA na MUHURI huwasikiliza wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Wala si ndoto kwamba subira na mashauri mema huzaa matunda. Mwaka 2016 ndugu zetu Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba, waliovua samaki katika bahari yetu kwa vizazi wakiitwa wageni.

Basi twawausia mambo matatu. Kwanza, nikaha iandikishwe kwa Kadhi, na kila mtoto achukuliwe cheti mapema. Pili, msimpe mtu fedha wala karatasi zenu za asili pasi na risiti, na kabla ya yote muulizeni wakili au msaidizi wa sheria. Tatu, wenye uwezo wakumbuke kwamba fukara, maskini na msafiri aliyekwama wametajwa katika Suratut-Tawba miongoni mwa wanaostahiki zaka. Nauli ya mama kwenda kuonana na wakili ni sadaka pia.

Na sisi wenyewe tujihisabu. Twawaoza mabinti zetu kwa wageni hawa, twaswali nao safu moja, kisha wakipatwa na shida twawaita "watu wa kuja". Anayejua njia ya ofisi amshike mwenzake mkono ampeleke.

Wabillahi tawfiq.