Ujira wa Jino
Huko Marekani, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2023 na kampuni ya bima ya meno ya Delta Dental, yule kiumbe wa hadithi atwaaye usiku jino la mtoto chini ya mto wa kulalia alikuwa akiacha kwa wastani dola 6 na senti 23. Ama sisi wa Biwi, mtaa wa Lilongwe nchini Malawi, ambao aghalabu tuliwasili kutoka Kongo na Burundi kwa njia ya kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, hatujapata kulilipia jino hata tambala, ile senti ya Malawi. Mtoto hulitikisa kwa ulimi mchana kutwa, likafungwa uzi, likang'oka, akalirusha juu ya paa huku akiomba jipya jeupe, likagonga bati, ti!, na shughuli imekwisha. Ashikiliaye kutoa fedha, basi na atoe thamani ya andazi moja, tena laini, maana pengo halitafuni hindi. Wala asimwekee mtoto akiba, kwani Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilitangaza kuishusha kwacha kwa asilimia 44, na noti zilizokuwa chini ya mito zikadhoofu kabla ya meno mapya kuchomoza.