Kimya Nacho ni Kauli: Funzo la Albamu ya Behaviour

Aghalabu wahakiki huzipima kazi za sanaa kwa mshindo wake. Kazi inayopaza sauti husemekana kuwa na uzito. Inayonong'ona huitwa tulivu, na mjadala ukafungwa papo hapo. Mapokezi ya albamu ya Behaviour, iliyotolewa na kundi la Pet Shop Boys la Uingereza mnamo Oktoba 1990, yanadhihirisha kasoro ya kipimo hicho.

Kufikia wakati huo, Neil Tennant na Chris Lowe walikuwa wamejijengea jina kwa muziki wa pop wa kielektroniki uliotamba katika kumbi za densi. Kwa albamu hii walikwenda Munich, Ujerumani, wakashirikiana na mtayarishaji Harold Faltermeyer na kutumia sinthesaiza za kizamani zenye sauti nyororo. Midundo ilipunguzwa makali. Uimbaji wa Tennant ukawa wa mtu anayewaza kuliko anayetangaza. Albamu ilifika nafasi ya 2 nchini Uingereza, na wapo wahakiki walioisifu tangu mwanzo. Hata hivyo, "Being Boring", wimbo unaoifungua albamu, ulipotolewa peke yake mwezi Novemba uliishia nafasi ya 20, ilhali tangu mwaka 1987 nyimbo za kundi hilo zilizotolewa hivyo zilikuwa zikiingia kumi bora. Kwa anayepima sanaa kwa mauzo, huo ni ushahidi tosha kwamba utulivu uliwaponza wasanii.

Wimbo wenyewe unampinga. Chimbuko lake ni kifo cha rafiki wa Tennant aliyefariki kutokana na UKIMWI, lakini maradhi hayo hayatajwi hata mara moja. Hamna kilio wala mahubiri. Kuna kumbukumbu za sherehe za ujana, kuna safari ya kijana anayeondoka kwao, na hatimaye kuna pengo la wasiokuwapo tena. Katika enzi ambapo maradhi hayo yaliandamana na unyanyapaa, wafu wengi waliombolezwa kwa minong'ono. Lau muziki ungepiga kelele, pengo hilo lisingesikika. Kwa hivyo, utulivu hapa si pambo la fani. Umebeba maudhui yenyewe.

Miaka ilivyosonga, wahakiki wengi waliihesabu Behaviour miongoni mwa kazi bora za kundi hilo. Lakini hata sifa hizo mara nyingi hukomea kwenye kusema kwamba albamu ina majonzi na upole. Kuitaja hali ya kazi si kuihakiki. Mhakiki anadaiwa maelezo ya jinsi upole huo unavyofanya kazi.

Huenda mtu akahoji kwamba si kila kimya kina maana. Ni kweli, kimya kingine ni utupu mtupu. Ndiyo sababu haitoshi kukisifu wala kukibeza. Sharti iulizwe: ni nini kilichozuiwa, na je, kazi ingepoteza nini kama kingesemwa? Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kuhesabu tashbihi na takriri kama ithibati ya ufundi hana budi kulizingatia swali hili pia. Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Jukumu la mhakiki ni kuusikia mshindo huo mapema, kabla wakati haujamsahihisha.