Kung'oa au Kutibu Mzizi

Katika NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, mkazi wa Edgware Road, London, anayetaka gego ling'olewe ili aokoe fedha haokoi chochote kwenye tiba yenyewe, kwa kuwa kung'oa na kutibu mzizi huwekwa katika daraja moja la malipo, la 2, ambalo Aprili 2025 lilipangwa kuwa pauni 75.30; kliniki za binafsi zina hesabu nyingine kabisa.

Tiba ya mzizi huondoa kiini, yaani nyama laini ya ndani ya jino yenye neva na mishipa ya damu, pale bakteria wanapokuwa wamekiharibu. Daktari hutia ganzi, hulitenga jino kwa mpira mwembamba ili mate yasiingie, hulitoboa, kisha husafisha mifereji kwa tupa nyembamba kama sindano na kwa dawa ya klorini. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja, ilhali gego huwa na mitatu au minne, na ndiyo maana mgonjwa huweza kuitwa tena. Mifereji hujazwa gatapecha, utomvu uliogandishwa wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki.

Maumivu yanayosingiziwa tiba hii aghalabu ni ya uambukizo uliomleta mgonjwa. Kuuma kidogo wakati wa kutafuna kwa siku chache ni kawaida. Uvimbe unaozidi au homa si kawaida. Gego lililotibiwa mara nyingi huhitaji kuvikwa kofia lisipasuke, na kofia ni daraja la 3, ambalo Aprili 2025 lilipangwa kuwa pauni 326.70.