Mwanafunzi aliye nyumbani naye yuko chuoni



Baada ya kumshukuru Allah (SW) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (SAW), juma hili tunazungumza na familia zenye mwanafunzi wa chuo kikuu asiyeondoka nyumbani. Husoma kwa simu au kompyuta, na kwa kuwa yuko machoni petu, sote tunamhesabu kuwa ana nafasi. Mtoto akilia, huitwa yeye; mgeni akibisha hodi, hufungua yeye.

Masomo ya namna hii si mageni kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992, kikawafungulia mlango watu wasioweza kuacha kazi na familia ili wakaishi bwenini. Siku hizi mihadhara, mazoezi na majadiliano mengi yamehamia mtandaoni, na mlango umezidi kuwa mpana. Lakini kuingia ni jambo moja, na kufika mwisho ni jambo jingine. Mwaka 2012, chuo cha MIT cha Marekani kilitoa bure mtandaoni somo la saketi na elektroniki. Walijiandikisha watu wapatao 155,000. Waliopata cheti walikuwa kama 7,000. Ni kweli kwamba wengi waliingia kutazama tu. Hata hivyo, hesabu hiyo inatufundisha kuwa kujiandikisha si kusoma.

Darasani, kengele na mwalimu humsimamia mwanafunzi. Mtandaoni hujisimamia mwenyewe: apange asome nini leo, ajipime kama ameelewa, na atafute msaada anapokwama. Mzigo huo hauwezi kubebwa na mtu asiyekuwa na saa yake wala mwenzake.

Hili hatulisemi kwa kunyooshea wengine kidole. Dada yetu mmoja, mama wa watoto wawili na mwalimu wa madrasa yetu, anasomea shahada ya ualimu kwa njia hiyo. Aliiandikia kamati ya msikiti akiomba chumba cha madrasa mara mbili kwa wiki, baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, apate utulivu. Barua ile tuliisoma, tukaisifu, kisha tukaiahirisha. Vikao vitatu vilipita. Neno “iahirishwe” liliandikwa katika kumbukumbu kwa kalamu yetu wenyewe. Tulipomwita kumpa jibu, muhula ulikuwa umekwisha na mazoezi mawili yalikuwa yamempita. Hakutulaumu. Alisema tu, “Nashukuru, muhula ujao nitarudia.” Maneno hayo yalitutia haya kuliko lawama.

Sasa chumba kiko wazi, na wanaokuja ni wanne, kila mmoja na kozi yake. Wanapoingia, kila mmoja hutaja atakalolimaliza siku hiyo. Kabla ya kutoka, hueleza alilolielewa bila kutazama daftari. Utaratibu huu wameutoa katika madrasa yenyewe. Anayehifadhi Qur'ani hatosheki kuisikiliza. Hufunga msahafu akamsomea mwalimu wake, kisha hufanya muraja'a. Wanavyuoni wetu wa zamani nao walikuwa na mudhakara, wakikaa na wenzao kukumbushana elimu.

Utafiti wa sasa unaunga mkono mwenendo huo. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwasomesha wanafunzi vifungu vya maandishi. Waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Lakini baada ya wiki moja, waliojipima kwa kuandika walichokikumbuka ndio waliowashinda wenzao. Basi anayetazama mhadhara uleule mara tatu akidhani ameumiliki, na aufunge, achukue karatasi, aandike kilichobaki kichwani. Akiona pengo, hilo ndilo swali la kumpelekea mhadhiri au wenzake.

Kwa familia tuna nasaha tatu. Kwanza, mpangieni mwanafunzi wenu saa maalumu, na nyumba nzima iijue. Mume asione tabu kuwaogesha watoto saa hiyo. Mtume wetu (SAW) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Pili, msimwulize tu, “Umefaulu?” Mwulizeni, “Leo umejifunza nini?” na mkae mumsikilize, hata kama somo hamlijui, kwani kueleza ni sehemu ya kujifunza. Tatu, fedha ya bando la masomo ihesabiwe pamoja na ada, isisubiri kitakachobaki.

Na kwa kamati za misikiti, tukianza na yetu: vyumba vingi vya madrasa hukaa vimefungwa kwa saa nyingi za siku. Meza, taa na ufunguo havihitaji mchango mkubwa wala mfadhili wa mbali. Pengine kinachohitajika ni barua moja kujibiwa katika kikao ilichosomwa.

Dada yetu ameanza kurudia masomo yake. Tunamwombea yeye na wenzake wepesi, nasi tunaomba msamaha kwa muhula tuliompotezea.

Wabillahi tawfiq.