Temeke Haikosi Kazi, Inakosa Mikataba

Dar es Salaam ina imani sugu kwamba uswahilini ni makao ya wavivu. Temeke, manispaa iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 kwa sensa ya 2022, ndiyo inayobebeshwa sana lawama hiyo: vijana wake husemwa ni wa vijiweni, wanawake wake ni wa vigodoro. Imani hiyo ni ya uongo, na kazi za Temeke zenyewe zinaikanusha.

Kurasini wapo makuli na madereva wa malori ya bandarini. Chang'ombe kuna viwanda. Keko ni ya maseremala, na kitanda kimoja hupita mikono kadhaa: huyu anapasua mbao, yule anapiga randa, mwingine anaunga, mwingine anapiga msasa na vanishi, na mwenye mkokoteni anangoja kukifikisha kwa mteja. Mama lishe huwasha moto kabla ya adhana ya alfajiri, kwa sababu vibarua hujipanga mapema kwenye mageti ya viwanda. Wengine huingia, wengine hurudishwa.

Aliyerudishwa ndiye anayeonekana kijiweni saa nne, na hapo ndipo anapohukumiwa. Lakini kijiweni ndiko mwenye nyumba anakokwenda kumtafuta saidia fundi, mpaka rangi au mchimba shimo la choo. Kungoja huko ni kazi isiyolipwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Dereva na konda wa daladala, wanaotoka alfajiri na kurudi usiku wakisaka hesabu ya tajiri, huzimaliza kabla ya Ijumaa, wengi wao bila mkataba.

Imani hii ni ya zamani. Wakoloni waliwafukuza mjini watu waliowaita wahuni, ilhali mgomo wa makuli wa 1947 uliisimamisha bandari na kuwasha migomo mikoani. Mwaka 1983 Operesheni Nguvu Kazi iliwasomba wasio na vitambulisho vya kazi na kuwapeleka vijijini, lakini wengi walirudi. Mwaka huohuo serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, yaani daladala, maana UDA, shirika la umma la mabasi ya jiji, ilikuwa imezidiwa na abiria wanaowahi kazini. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo wakaanza kuuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Hakuna anayemtoza mtu ada ya kazi asiyoifanya.

Wavivu wapo Temeke, kama walivyopo Masaki kwa matajiri. Tofauti ni kwamba anayeishi kwa kodi ya nyumba Masaki, bila kuinua hata ndoo, haitwi mzururaji.

Wanaofaidika na imani hii ni waajiri. Kibarua akishaitwa mvivu, ujira mdogo huonekana ni kosa lake mwenyewe. Kwa hiyo anayestahili kukaguliwa ni mwenye kiwanda na mwenye daladala, na mkaguzi ni ofisa kazi anayedai kuona mikataba, si mgambo anayepindua meza ya mama lishe.